Boga la bustani yako na macho ya zamu ya usiku



Kijana mmoja wa kambini alikuja kwangu na kalenda ya zamani iliyochapishwa Ulaya. Kwenye ukurasa wa mwezi wa 10 kulikuwa na picha ya meza: mapome mekundu katika kikapu, boga kubwa la rangi ya machungwa, na sufuria inayotoa mvuke. Akaniuliza: «Mganga, hawa watu wanapika pome na boga pamoja? Na kwa nini mwezi wa 10 tu? Sisi hapa Kindu tunaweza?»

Swali zuri. Nilimjibu kwa mdomo, lakini naona afadhali nijibu hapa kwenye ukurasa wetu, maana jibu linahusu kazi na ajali kuliko kijana yule alivyofikiri.

Katika nchi za baridi kuna majira ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka, tangu mwezi wa 9 mpaka wa 11. Baridi kali iko njiani, kwa hiyo kila mwenye bustani hukusanya vyote vilivyobaki: mapome juu ya miti, maboga chini. Wanavipika pamoja kwa sababu vinasaidiana. Boga ni tamu na zito lakini limepooza. Pome lina uchachu kidogo unaoliamsha. Ndiyo siri yote ya picha ile.

Kindu hatuna majira hayo. Tuko chini kidogo ya digrii 3 kusini ya ikweta, kwenye mita 500 hivi juu ya bahari, na mti wa pome unataka baridi ili utoe maua. Mtu akipanda mbegu ya pome kando ya Lualaba, aketi asubiri kivuli, siyo matunda. Lakini mavuno tunayo. Mvua zikipungua mwezi wa 6, mashina ya maboga hukauka, na maboga yenyewe yanaonekana kila mahali, Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya mto huko Alunguli, yamelala chini kama watu waliochoka. Na uchachu wa pome tunaupata kwenye nanasi, ndimu na papai lisiloiva sana. Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: ndiyo, tunaweza, na bila kununua pome.

KWA NINI JAMBO HILI LIKO KWENYE UKURASA WA USALAMA?

Niwape habari moja ambayo sipendi kuisimulia.

Zamani, katika kambi nyingine ya madini, siyo hii, alikuja kwangu dispanseri kijana wa laveri, mahali wanapoosha kasiteriti. Alisema: «Mganga, macho yangu yana giza.» Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Nilimpeleka dirishani, nikatazama macho yake: hayakuwa mekundu, hayakuwa na usaha. Nikamwambia asome herufi ukutani, akasoma zote. Basi, nikampa dawa ya matone, nikaandika «anaweza kufanya kazi», akarudi kwenye ekipi yake. Watu walikuwa wengi kwenye benchi siku ile, lakini hiyo si sababu. Sikumuuliza maswali mawili ambayo kila mganga amefundishwa shuleni: giza linakuja saa ngapi? Na unakula nini?

Majuma matatu baadaye waliniletea kijana yuleyule amebebwa. Alikuwa katika zamu ya jioni. Mnajua jinsi jua linavyozama kwetu: saa kumi na mbili unaona, nusu saa baadaye usiku umefika. Alikuwa anavuka mfereji wa maji juu ya ubao, akaweka mguu pembeni ya ubao, akaanguka, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Na kapita alikwisha kuandika katika ripoti ya ajali neno moja: «ulevi». Wenzake walikuwa wamepita juu ya ubao uleule bila shida, kwa hiyo, kwa akili ya kapita, huyu lazima alikunywa.

Nilinusa mdomo wake. Hakunywa kitu. Wakati nafunga mkono, mwenzake mmoja wa chumba akasema polepole, kama anayeona haya kwa ajili ya rafiki: «Huyu, jua likizama, tunamshika mkono kumpeleka chooni. Ni miezi miwili sasa.»

Nilikaa kwenye kiti. Miezi miwili! Nami nilimpa matone.

Basi nikauliza yale maswali mawili. Alikuwa peke yake, mke alibaki kijijini. Alikula fufu, wali, maharagwe, na samaki wa chumvi. Mboga za majani hakupika, kwa sababu alisema ni kazi ya wanawake. Mafuta yake yalikuwa yale meupe ya bidoni, aliyoyaona ni ya kisasa kuliko mawese. Na zaidi, tumbo lake lilikuwa likihara tangu muda mrefu bila yeye kuja kutibiwa, hata kile kidogo chenye faida alichokula kilipita bila kukaa. Nikampa vitamini A kama inavyoagizwa, tukatibu tumbo, na siku chache baadaye alitembea usiku peke yake kutoka hospitali mpaka kambini. Mkono ulichukua muda zaidi. Ripoti nayo ilichukua barua mbili kabla neno «ulevi» halijafutwa, na mnajua wenyewe mfanyakazi mwenye neno hilo kwenye faili yake anaelekea wapi.

Ndiyo sababu boga liko kwenye ukurasa huu pamoja na kofia ya chuma na viatu vya kazi.

JICHO LINAFANYAJE KAZI GIZANI?

Nyuma ya jicho, ndani kabisa, kuna ngozi laini inayopokea mwanga. Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll alitazama ngozi hiyo katika jicho la chura akaona ina rangi nyekundu, na rangi hiyo hufifia mwanga ukiipiga. Ukimweka chura gizani, rangi inarudi. Baadaye, mwaka 1933, Mmarekani George Wald alikuta vitamini A katika ngozi hiyo, na kazi yake juu ya jicho ilimpa zawadi ya Nobel mwaka 1967. Kwa maneno ya kwetu: vitamini A ni rangi ya kupaka ukuta wa jicho. Mchana mwanga unaibandua, jioni jicho linapaka tena. Kama rangi imekwisha dukani, ukuta unabaki mtupu, na mtu huwa kama kuku: jua likizama, anatafuta pa kulala.

Mchana mtu huyo anaona vizuri kabisa. Hapo ndipo tunapodanganyika, sisi waganga na nyinyi makapita. Anasoma herufi zote ukutani saa nne ya asubuhi, na saa kumi na mbili na nusu hauoni ubao.

Ini la mtu huweka akiba ya vitamini A, na akiba hiyo inaweza kutosha miezi mingi. Kwa hiyo ugonjwa hauji kwa juma moja la kula vibaya. Unakuja polepole, na mwenyewe anazoea. Kwa watoto ni mbaya zaidi: akiba yao ni ndogo, surua na kuhara vinaimaliza upesi, na jicho la mtoto linaweza kukauka, kupata kidonda na kupofuka moja kwa moja. Tena siyo jicho tu. Mwaka 1986 Daktari Alfred Sommer na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao huko Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia: katika vijiji ambavyo watoto walipewa kapsuli za vitamini A, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko vijiji vingine. Vitamini hii hulinda ngozi ya ndani ya tumbo na ya mapafu pia, mahali ambapo magonjwa huingilia.

Wewe kapita, ukiona mtu wa ekipi yako anajikwaa jioni tu, anapapasa ukuta akitoka kwenye mwanga kuingia galeri, au kila siku anaomba kubadilisha zamu ya usiku bila kueleza, usiandike kwanza. Mlete dispanseri, uniambie ni saa ngapi anajikwaa.

MAWESE KWANZA

Kabla sijafika kwenye boga, niseme juu ya mawese, maana hapa Maniema tunakanyaga utajiri. Rangi nyekundu ya mawese ni karotini, kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Katika kilo moja ya mawese mabichi kuna karotini miligramu 500 mpaka 700, na vyakula vya kushindana nayo ni vichache sana. Lakini watu wengi hufanya nini? Wanaweka mafuta kwenye moto mkali, wanasubiri yatoe moshi, yaache wekundu yawe meupe, ndipo wanatia kitunguu. Wanasema yamesafika. Hayakusafika, yameungua. Rangi iliyopotea ndiyo dawa iliyopotea, na moshi ule unachoma macho ya mama na mtoto mgongoni.

Pasha mawese mpaka kitunguu kikilia ndani. Inatosha. Kama hupendi harufu yake, tia mafuta mengine ya kukaangia, kisha mwishoni, sufuria ikitoka motoni, ongeza kijiko cha mawese mekundu.

Mafuta yanahitajika hata kwa boga. Karotini haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta. Boga la kuchemsha na chumvi peke yake linashibisha, lakini sehemu kubwa ya faida yake inapita tu. Kijiko kimoja cha mawese au karanga iliyosagwa kinabadili mambo.

KUCHAGUA BOGA NA KULIPASUA

Boga lililokomaa lina ganda gumu ambalo ukucha hauingii, na kikonyo kilichokauka kama gamba la mti. Ukipasua, nyama iwe ya rangi ya machungwa au njano iliyokolea. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo karotini inavyozidi. Boga jeupe ndani siyo baya, ila kwa macho halifai sana.

Likate kwa kisu, uache kikonyo cha urefu wa vidole vitatu. Boga lisilo na kikonyo huoza upesi, maji yanaingia pale. Lianike juani siku kumi, ligeuze, kisha liweke juu ya uchanja mahali pakavu penye upepo, maboga yasigusane. Namna hiyo utakula maboga kiangazi chote, mpaka mvua za mwezi wa 9. Usiyapange ardhini nyuma ya nyumba kama matofali: panya wanafurahi, na nyoka anafuata panya.

Sasa kupasua. Msicheke, nimeshona mikono mingi kwa sababu ya maboga. Mtu analishika boga kati ya miguu yake miwili, anainua panga, anapiga. Boga ni duara, linazunguka, panga linateleza. Mshono wa kidole gumba ni majuma mawili nje ya kazi, na kama mshipa wa kukunjia kidole umekatika, hutashika tena koleo kama zamani. Fanya hivi: tia boga zima katika majivu ya moto au maji yanayochemka kwa dakika kumi, ganda litalainika. Liweke juu ya kitambaa kilicholowa lisizunguke. Choma ncha ya kisu kando ya kikonyo, sukuma kwenda chini, mkono mwingine ukae nyuma ya kisu, kamwe usiwe mbele yake. Watoto wakae mbali.

Halafu onja. Kata kipande kidogo kama ukucha, kibichi, weka ulimini. Kikiwa kitamu au kimepooza, endelea. Kikiwa kichungu, tema, utupe boga lote, hata kama familia ina njaa. Uchungu huo ni sumu ambayo moto hauiondoi. Inatokea hasa kwenye bustani za nyumbani, mtu anapoweka mbegu zake mwenyewe mwaka hata mwaka na maua ya boga la kula yakachanganyikana na ya yale ya porini au ya mapambo. Mwaka 2015, Heidelberg huko Ujerumani, mzee wa miaka 79 alikufa baada ya kula chakula cha jamii hii ya maboga, cha bustani. Kilikuwa kichungu, lakini alikimaliza. Mke wake alikula kidogo tu, akapona. Kwetu tumefundishwa kutokutupa chakula, na kutokumwambia mpishi kwamba mboga ni chungu. Kwa boga, sema.

MAPISHI

Boga na ndagala. Chukua boga kilo moja, menya, kata vipande kama sanduku la viberiti. Pasha vijiko viwili vya mawese, tia kitunguu kimoja, tomati mbili, na konzi moja ya ndagala waliooshwa na kukamuliwa. Wakianza kunukia, tia boga, chumvi, pilipili nzima isiyopasuka, na maji nusu kikombe tu, kwa sababu boga lina maji yake mengi. Funika, moto mdogo, dakika 15 mpaka 20. Usikoroge sana. Hii inakula na wali wetu wa Maniema vizuri kuliko na fufu, lakini hayo ni maoni ya mume wa mke aliyezaliwa Kasongo.

Boga na nanasi, badala ya pome. Hapa ndipo jibu la kijana wa kalenda. Vipande vya boga sehemu mbili, nanasi lililokatwa ndogo sehemu moja. Pika boga kwanza katika maji kidogo mpaka lilainike, lisage kwa mwiko, ndipo utie nanasi, chumvi kidogo sana na kijiko kikubwa cha karanga iliyosagwa. Dakika tano tena. Sukari haihitajiki. Kama nanasi hakuna, tumia papai ambalo limeanza tu kugeuka njano, na maji ya ndimu moja mwishoni. Wengi hushangaa wakionja. Mimi mwenyewe nilidharau mpaka nilipopikiwa.

Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi: boga laini, papai lililoiva na karanga iliyosagwa mpaka isiwe na chembe hata moja, kwa sababu chembe ya karanga humwingia mtoto kwenye koo la hewa. Ponda pamoja, umlishe kwa kijiko kilichooshwa, na titi liendelee.

Majani. Usingoje boga. Majani machanga ya mboga hii na vichwa vyake huchumwa wakati wote wa mvua, unavua nyuzi, unakata, unapika na karanga au mawese kama lengalenga. Chuma machache kwenye kila shina, ama shina litakataa kuzaa. Yana karotini na chuma ya damu.

Mbegu. Wanaotupa mbegu wanatupa nyama. Karibu theluthi ya uzito wake ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Osha, anika mpaka zivunjike zikikunjwa, menya, twanga. Changanya na kitunguu, chumvi, samaki wa moshi aliyechambuliwa na yai moja, funga katika majani ya migomba yaliyopitishwa motoni, chemsha kwa mvuke saa moja. Wanaotoka upande wa mto kule chini wanaiita mbika, na wanaila siku za furaha. Kitu kimoja: mbegu au karanga yenye ukungu wa kijani au mweusi usiisage, usiikaange, usimpe hata kuku. Sumu ya ukungu ule huharibu ini, na moto wa jikoni hauiui.

Na pome? Siku moja mama mmoja aliuza mapapai manne ya bustani yake ili anunue pome moja kwa mtoto aliyekuwa anaumwa, kwa sababu pome lilitoka mbali na lilikuwa na karatasi. Sikumgombeza, upendo wake ulikuwa wazi. Lakini pome karibu halina vitamini A kabisa. Papai linayo, embe linayo, na mapapai manne yangemlisha mtoto yule juma zima.

VYOMBO

Hapa ni sisi watu wa madini, siyo mama peke yao.

Sufuria iliyochomewa dhahabu na zebaki isirudi jikoni. Najua wapo wanaofanya jambo hilo nyuma ya nyumba baada ya kazi. Zebaki ikipata moto inakuwa hewa isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye mapafu ya kila aliye karibu, inakaa kwenye kuta, kwenye sufuria, kwenye udongo wa jikoni. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahau, anakasirika bure. Mama mwenye mimba anampitishia mtoto tumboni. Kusugua sufuria kwa majivu na mchanga hakusaidii. Itobolewe, itupwe.

Bidoni la mazuti, la asidi au la dawa za kiwanda lisiwekwe maji, mawese wala mboga, hata likioshwa mara kumi. Magunia ya mtapo yasibebe maboga. Na bustani isipandwe kwenye maji yanayotoka laveri au penye mchanga uliomwagwa baada ya kuosha madini. Boga linakubali kumea pale, tena linanenepa, lakini madini mazito yaliyomo yanaweza kuingia kwenye majani. Panda upande wa juu wa mfereji, karibu na shimo la takataka za jikoni.

Wanaopeleka boga lililopikwa kazini: lipikwe asubuhi ileile, liwe na kifuniko, liliwe kabla ya saa nne kupita. Boga lina maji na sukari, linachacha haraka kuliko fufu. La jana lichemshwe tena mpaka litoe mapovu, ama lisibebwe. Na osha mikono kwa sabuni kabla ya kufungua sahani. Vumbi la kazi siyo chumvi.

Jikoni: boga lenye maji likiingia kwenye mafuta ya moto, mafuta yanaruka. Kausha vipande kwa kitambaa. Aliyeungua atiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo mawese, siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo mkojo. Halafu aje. Mvua ikinyesha usiku, usiingize mbabula ya makaa ndani ya chumba cha kulala kumalizia kupika: hewa yake inaua watu wamelala.

NANI ASINGOJE BOGA

Chakula hulinda, lakini siyo dawa ya leo. Mtu ambaye tayari haoni jioni asianze kwanza kupanda maboga. Aje dispanseri kesho asubuhi. Kapsuli za vitamini A asinunue sokoni ameze kwa hesabu yake: nyingi ni sumu, na kwa mwanamke mwenye mimba dozi kubwa inaweza kuharibu mtoto. Karotini ya boga na mawese haina hatari hiyo, mwili huchukua kiasi unachohitaji.

Watoto wa miezi 6 mpaka 59 hupewa kapsuli mara mbili kwa mwaka, ya buluu kwa wasiofika mwaka mmoja, nyekundu kwa waliovuka. Angalia kadi ya mtoto wako. Kama alama ya mwisho imepita miezi 6, mlete hata kama ni mzima.

Tena, siyo kila giza la macho ni la chakula. Kuna upofu wa mtoni, unaoletwa na nzi wadogo weusi wa maji ya kasi: ngozi inawasha, uvimbe unatokea chini ya ngozi, macho yanaharibika hata mchana. Huo una dawa yake inayogawiwa, na boga haliugusi. Kuna giza la kurithi katika ukoo, na mtoto wa jicho kwa wazee. Ukija, usiseme «macho yangu yana giza» tu, kama kijana wangu wa laveri. Sema ni saa ngapi, tangu lini, nani mwingine nyumbani, na ulikula nini juzi na jana. Nisipokuuliza, niambie hivyohivyo.

Wanaotaka mbegu za boga la nyama ya rangi ya machungwa, tumeanika za kwetu nyuma ya dispanseri, zimeonjwa, hazina uchungu. Njoo na karatasi ya kufungia. Panda mwanzo wa mvua za mwezi wa 9, mbegu tatu kila shimo, shimo kwa shimo hatua mbili.